Chunga kidole kisije kikakumwagia unga

Wahenga walituachia methali kwamba ulimi hauna mfupa. Waliisema wakati ambapo neno baya lilitamkwa kibarazani, likasikiwa na watu wanne au watano, likabishaniwa hadi jua likatua, kisha likafa. Siku hizi tunazungumza kwa kidole gumba. Kidole kina mfupa, kina kucha, na maneno yake hayafi.

Nimefanya kazi katika idara za wafanyakazi za makampuni mbalimbali hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 25. Nimeajiri makarani, madereva, wahudumu na mameneja. Nimeandika barua za kuwapandisha watu vyeo, na nimeandika pia zile ambazo hakuna mtu hupenda kuzipokea Ijumaa jioni. Nilipoanza, makosa yaliyowafikisha watu mbele ya kamati ya nidhamu yalijulikana: kuchelewa, ulevi, wizi wa mafuta ya gari, kupigana ghalani. Leo faili inayoletwa mezani aghalabu huwa na karatasi moja tu, nayo ni picha ya ujumbe ulioandikwa kwenye simu ya mkononi saa tano za usiku.

Ndiposa nimeonelea leo nizungumze nawe, msomaji mpenzi, hasa wewe uliyeajiriwa majuzi na wewe ambaye ungali chuoni ukisubiri zamu yako. Wazazi nao wasifunge ukurasa huu, kwani wamo.

Isidhaniwe kwamba wafanyakazi wa zamani walikuwa malaika. La hasha! Kwenye chai ya saa nne msimamizi alisengenywa kuanzia kiatu hadi mvi. Aliyekuwa na malalamiko mazito zaidi aliandika barua kwa mhariri wa gazeti na kuomba jina lake lisichapishwe. Mhariri aliisoma, akaondoa matusi, akapunguza marudio, na pengine akaitupa kapuni. Kati ya hasira ya mwandishi na macho ya wasomaji palikuwa na siku kadhaa na kalamu nyekundu. Siku hizo na kalamu hiyo viliokoa ajira za wengi bila wao kujua.

Simu haina mhariri. Facebook ilifunguliwa kwa watu wote mwezi Septemba mwaka wa 2006, na WhatsApp ikaja mwaka wa 2009. Kijana anayeanza kazi leo alikuwa mtoto mdogo vitu hivi vilipoingia nyumbani kwao. Kwake yeye kuandika jambo mtandaoni ni kama kulisema kwa sauti. Haoni kwamba ametoka kibarazani na kuingia uwanja wa mpira akiwa na kipaza sauti.

Nilipata kuliona hili kwa karibu miaka michache iliyopita, na wakati huo halikuwa suala la ofisini kwangu bali la nyumbani. Binti wa dada yangu alikuwa karani wa kaunta katika taasisi moja ya fedha ambayo sitaitaja. Jioni moja alikuja kwangu na barua iliyompa saa 48 kueleza kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwenzake alikuwa likizoni na hakuna aliyewekwa mahali pake, hivyo yeye na mwingine walihudumia foleni kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi bila kula. Milango ilipofungwa alichukua simu, akajipiga video ya nusu dakika akiwa bado amevaa sare, akalalamika kwa ucheshi kuhusu njaa, kisha akaipeperusha kwa marafiki zake. Hakumtusi mtu. Lakini nyuma yake mezani palikuwa na fomu ambayo haijafungwa, ikionyesha jina la mteja, nambari ya kitambulisho na kiasi cha pesa alichokuwa nacho. Kufikia Jumatatu asubuhi mteja huyo alikuwa mlangoni akimtaka meneja. Jirani yake alikuwa ameijua akiba yake kabla ya mkewe.

"Mjomba," binti akaniambia, "simu ni yangu, bando nimenunua kwa pesa zangu, na kazi ilikuwa imekwisha. Wananidai nini hawa?"

"Simu ni yako, mama," nikamjibu. "Na hiyo fomu iliyo nyuma yako ni ya nani?"

Alinyamaza. Akaitazama ile video tena, safari hii bila kujitazama yeye mwenyewe.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Hufikiri swali ni kama wana haki ya kusema. Haki hiyo wanayo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na kifungu hicho hicho kinasema kwamba anayeutumia uhuru huo ataheshimu haki na sifa za wengine. Swali ambalo kamati huuliza kwa kawaida ni jingine: katika kusema kwako, umechukua kitu cha nani?

Siri za wateja si zako. Tangu Novemba 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na faini ambayo Kamishna wa Ulinzi wa Data anaweza kuitoza kampuni inafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kutegemea ni kiasi kipi kilicho kidogo. Hayo si mambo ya vitabuni tu. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo klabu moja jijini ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kujiburudisha. Mara nyingi picha za namna hiyo hupigwa na mfanyakazi wa kawaida mwenye simu nzuri na nia njema. Sasa fikiria mwajiri anavyoingiwa na baridi akiona karani wake amejirekodi mbele ya meza iliyojaa karatasi.

Tuliketi tukaandika jibu hadi saa sita za usiku. Nilimshauri asikane lililo wazi, na pia asijigaragaze kama kwamba hata njaa yake ilikuwa kosa. Aliyatenga mambo mawili. Kuhusu fomu, alikubali, akaomba radhi, akaeleza kwamba video aliiondoa punde alipogundua. Kuhusu kukosa muda wa kula, alisimama imara na kutaja siku aliyomweleza msimamizi kwa mdomo na asijibiwe. Kisha nikamwonyesha Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007: kabla ya kumfuta mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize utetezi wake, na mfanyakazi ana haki ya kuandamana na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Alikwenda na mwenzake.

Yeye alipewa barua ya onyo na kuondolewa kaunta kwa miezi mitatu. Zamu za chakula cha mchana zilipangwa upya mwezi uliofuata. Hakuna aliyemshukuru.

Aliyemwaga unga ni kijana mwingine wa idara nyingine, ambaye hata hakuonekana kwenye video. Yeye aliichukua, akaisambaza kwenye vikundi viwili, na juu yake akaandika kwamba meneja wa tawi ni mwizi na mbwa. Alidhani anamtetea dada wa watu. Sheria hiyo hiyo ya Ajira, katika Kifungu cha 44, inataja kumtusi mwajiri au mkubwa wa kazi kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya mtu afutwe papo hapo. Alikuwa na mke na watoto wawili katika nyumba ya kupanga Donholm. Mwezi wa pili walihamia kwa wazazi wake mashambani, na watoto wakabadilisha shule katikati ya muhula.

Nalirudia hilo kwa sababu tofauti ya hao wawili ni fundisho lenyewe. Mmoja alilalamika kuhusu hali ya kazi. Mwingine alimtusi mtu. Aliyelalamika alikuwa na la kujitetea. Aliyetusi hakuwa na chochote cha kuweka mezani, kwani maneno "mwizi" na "mbwa" hayana maelezo marefu.

Haya hayakuanzia kwetu. Huko Marekani mwaka wa 2002 mama mmoja aliyebuni kurasa za mtandao alipoteza kazi kwa kuwaandika wenzake wa ofisini katika shajara yake ya mtandaoni, na jina la shajara hiyo likageuka kuwa msemo wa kufutwa kazi kwa sababu ya maandishi. Desemba 2013 afisa wa mawasiliano wa kampuni moja ya New York aliandika mzaha mbaya kuhusu Afrika na UKIMWI akiwa London, akapanda ndege kwenda Cape Town na kuzima simu. Wafuasi wake walikuwa kama 170 tu. Kwa muda wa saa 11 alizokuwa angani, ulimwengu mzima ulikuwa umemsoma, na kazi haikumngoja. Watu 170 ni wachache kuliko wanaohudhuria harusi moja ya kawaida mtaani kwenu.

Kwa hivyo usijidanganye kwamba kikundi chako ni kidogo. Kikundi cha watu 12 ni cha watu 12 hadi mmoja wao akasirike. Usijidanganye pia kwamba utafuta. Ni kweli WhatsApp humruhusu mtu kuufuta ujumbe wake kwa wote, na tangu mwaka wa 2022 muda huo ni kama siku mbili na nusu. Hata hivyo, aliyekwisha kuupiga picha hafutiwi kitu. Na yale maneno ambayo watu huandika juu ya kurasa zao kwamba maoni ni yao binafsi hayana nguvu ya hirizi, hasa ikiwa picha iliyo kando yake inakuonyesha ukiwa na sare na beji ya kampuni.

Kuna mengine ambayo hutufanya sisi wa idara ya wafanyakazi tucheke kabla ya kuandika barua. Mmoja aliomba ruhusa ya siku tatu kwa sababu ya mgongo. Siku ya pili mgongo ule ule ulionekana kwenye simu ya kila mtu ukicheza dansi Naivasha. Mwingine alimwambia mkuu wake kwamba amekwama kwenye msongamano wa magari Thika Road, huku picha aliyoiweka dakika tano kabla ikimwonyesha akinyolewa kinyozini. Hawa hawakuponzwa na mtandao. Waliponzwa na uongo, na mtandao ukawa shahidi tu.

Je, mfanyakazi asiseme lolote kuhusu siasa? Swali hili liliulizwa sana mwezi Juni 2024, vijana walipojipanga kupitia X na TikTok kupinga Mswada wa Fedha. Wengi wao walikuwa waajiriwa. Maoni yangu ni kwamba mwajiri wa kibinafsi hanunui uraia wako pamoja na jasho lako. Sema kama mwananchi, kwa wakati wako, bila sare, bila nembo ya kampuni na bila simu ya kazi. Kwa mtumishi wa umma mipaka ni mikali zaidi, kwani Kifungu cha 232 cha Katiba kinamtaka ahudumie watu bila upendeleo. Mwananchi anayefika dirishani kwako asilazimike kujiuliza kama utamhudumia ukijua anamuunga mkono nani.

Sasa niwageukie waajiri, maana mizani ina vitanga viwili. Wapo wasimamizi wanaotaka kuchungulia kila kitu. Nimewahi kumsikia meneja akimwamuru msichana wa mapokezi afungue simu yake mbele yake ili asome alichoandika. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, pamoja na ya mawasiliano yake. Anayeingia kazini haiachi faragha hiyo langoni kwa bawabu.

Kuna kesi ya huko Romania ambayo kila meneja angepaswa kuijua. Kampuni ilimtaka mfanyakazi wake afungue akaunti ya Yahoo ya kuwajibu wateja. Mwaka wa 2007 ikamfuta kwa kuitumia kuzungumza na nduguye na mchumba wake, na ushahidi ulioletwa ulikuwa kurasa 45 za mazungumzo yake. Alipoteza kesi nyumbani, akaendelea. Mnamo Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba faragha yake haikulindwa ipasavyo. Mahakama haikusema mwajiri haruhusiwi kufuatilia. Ilitaka mfanyakazi ajulishwe mapema kwamba atafuatiliwa na kwa kiasi gani, na pawe na sababu ya kutosha.

Hapa kwetu, anayefutwa bila sababu halali au bila kusikilizwa anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Uhusiano Kazini, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Kwa hivyo, bwana meneja, kabla ya kukimbilia kalamu, jiulize kama wafanyakazi wako wamewahi kupewa kanuni za mitandao kwa maandishi, na kama uliwaeleza. Jiulize pia mwenyewe unavyoandika. Kikundi cha kazi cha WhatsApp ambamo mkubwa huwafokea watu saa nne za usiku mbele ya wenzao hakifundishi adabu.

Nyumbani nako kuna la kuangalia. Siri nyingi za kazi hazivujishwi na mwenye kazi bali na jamaa zake. Muuguzi anarudi amechoka, mezani anamweleza mumewe kuhusu mgonjwa mashuhuri aliyelazwa, na mume, kwa kutaka aonekane anajua mambo, anaandika. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inazilinda habari za mgonjwa, na atakayeulizwa hospitalini si mume. Wazee wetu walijua kuna maneno ya chumbani na maneno ya sebuleni. Tuwafundishe watoto kwamba yale baba na mama wanayoongea kuhusu kazi si ya kurekodiwa, hata kama yanachekesha.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Anayetafuta mfanyakazi leo huandika jina lako kwenye simu kabla ya kukupigia. Hatafuti mtakatifu. Hutazama kama wewe ni mtu anayewadhihaki wanyonge, anayeweka hadharani mambo ya watu, au anayemchafua kila mwajiri aliyewahi kumlipa. Upande wa pili nao upo. Namjua fundi wa mbao aliyekuwa akiweka picha za kabati na milango yake kila Jumamosi, bila maneno mengi. Mkandarasi aliziona, akamtafuta, na leo ana vijana wanne anaowalipa mwisho wa mwezi. Mtandao ule ule unaomwaga unga huuleta pia.

Mtu akiniuliza afanyeje, humwambia mambo machache. Asome kanuni za kampuni kabla ya kusaini, si baada ya kupata barua. Asipige picha penye karatasi, skrini, mgonjwa, mwanafunzi au mteja. Malalamiko ayapeleke kwanza kwa maandishi kwa anayehusika na abaki na nakala, kisha kwa chama cha wafanyakazi, kisha kwa afisa wa leba. Njia hiyo ni ndefu, sikatai, na wakati mwingine inachosha. Lakini kila hatua humwachia karatasi ya kumtetea, ilhali ujumbe wa hasira huwaachia wengine karatasi ya kumshtaki. Na usiku akiwa na hasira, aandike yote anayotaka, kisha aweke simu chini alale. Asubuhi akinywa chai ayasome tena akijifanya yeye ndiye aliyetajwa.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi, msomaji mpenzi, vyote viwili vimekuwa kitu kimoja.